Gierek wa Katowice: Mchimba makaa aliyeikopea Poland

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, magazeti ya dunia yakiwa yamejaa habari za Moïse Tshombe na jimbo lake la Katanga lililojitenga na Kongo pamoja na shaba yake, Wapoland walipata mzaha mpya. Mkoa wa Katowice, kusini mwa nchi yao, wakaubatiza Katanga. Katibu wa chama tawala cha kikomunisti wa mkoa huo, Edward Gierek, wakamwita Tshombe. Mzaha haukuhitaji maelezo. Karibu makaa yote ya mawe ya Poland yalitoka Katowice, na makaa ndiyo yaliyopasha nyumba joto, yakaendesha treni na kuiingizia nchi fedha za kigeni. Aliyeishika Katowice alishika kitu ambacho Warsaw isingeweza kukikosa hata wiki moja. Gierek alilijua hilo, wala hakuona haya kuwakumbusha wakubwa.

Mzaha huo ulikuwa na ukweli zaidi ya walivyodhani waliouanzisha. Shaba ya Katanga ilichimbwa na kampuni ya Wabelgiji, na huyu Tshombe wa Poland alikuwa amechimba makaa miaka mingi huko huko Ubelgiji.

Alizaliwa tarehe 6 Januari 1913 katika kijiji cha Porąbka, ambacho leo kimo ndani ya mji wa Sosnowiec. Baba yake alifia mgodini Edward akiwa na miaka minne. Mama akaolewa tena, na familia ikafuata njia ya maelfu ya Wapoland wa wakati ule: kaskazini mwa Ufaransa, ambako Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imemaliza vijana na migodi ilitafuta watu kwa udi na uvumba. Alipotimiza miaka 13 mtoto alikuwa ameshaanza kazi mgodini. Mwaka 1931 akajiunga na Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa. Mwaka 1934, baada ya mgomo wa wachimbaji wa Kipoland pale Leforest, serikali ya Ufaransa ikawafukuza waliogoma, naye akajikuta amerudishwa katika nchi aliyoiacha akiwa mtoto. Akatumikia jeshi, akaoa, na mwaka 1937 akaondoka tena, safari hii kwenda kwenye migodi ya Limburg, Ubelgiji. Vita Kuu ya Pili ilimkuta huko na kumwacha huko. Aliporejea Poland mwaka 1948 alikuwa na miaka 35, na zaidi ya 20 kati ya hiyo alikuwa ameishi Magharibi.

Hilo lilimtofautisha. Wengi wa wakubwa wa chama walikuwa wamepitia Moscow au walipambana chini kwa chini ndani ya Poland yenyewe. Gierek alizungumza Kifaransa kama mfanyakazi wa huko, alivaa suti iliyomkaa vizuri, na alikuwa na mwili mkubwa na sauti ya utulivu. Chama kilimhitaji mtu wa namna hiyo: mfanyakazi halisi, si wa kuandikwa kwenye mabango. Kikampeleka kwenye mafunzo, kikampa kazi ya ukatibu Katowice, kikamsomesha uhandisi wa madini katika chuo cha Kraków hadi mwaka 1954, kisha kikamwita Warsaw kusimamia idara ya viwanda vizito katika Kamati Kuu. Juni 1956 wafanyakazi wa Poznań waliandamana wakidai mkate na haki, jeshi likawafyatulia risasi, na watu zaidi ya 50 wakafa. Gierek akapewa tume ya kuchunguza kilichotokea. Aliona kwa macho yake chama cha wafanyakazi kinavyofika mahali pa kuwaua wafanyakazi.

Machi 1957 akarudi Katowice, sasa akiwa Katibu wa Kwanza wa mkoa. Mji huo ulikuwa ndio kwanza umerudishiwa jina lake. Kuanzia 1953 hadi mwisho wa 1956 uliitwa Stalinogród.

Katika mfumo ule, katibu wa kwanza wa mkoa ndiye aliyetawala, hata kama kwenye karatasi kulikuwa na mwenyekiti wa halmashauri. Lakini Gierek alikuwa na tatizo la kienyeji. Porąbka iko upande wa mashariki wa mto Brynica, kwenye bonde la Dąbrowa lililokuwa chini ya mfalme wa Urusi kabla ya 1914. Upande wa magharibi ni Silesia yenyewe, iliyokuwa chini ya Ujerumani. Mto ni mdogo, chuki ni ya kale, na mpaka leo mashabiki wa mpira wa pande hizo mbili hutukanana kwa ajili yake. Msilesia hakupenda kuongozwa na mtu wa ng'ambo ya Brynica. Hapo ndipo alipofaa Jerzy Ziętek, mzee wa Kisilesia aliyepigana katika uasi wa mwaka 1921 dhidi ya Wajerumani, mtu wa maneno ya utani na asiyechoka. Ziętek aliwajua watu na watu walimjua. Gierek alikuwa na mamlaka ya chama. Wawili hao wakagawana mkoa bila kugombana, jambo ambalo si la kawaida kwa wakubwa wawili wanaokaa mji mmoja.

Walichojenga bado kipo. Kati ya Katowice na Chorzów, kwenye ardhi ya takataka za migodi na mashimo, iliendelea kukua bustani ya mapumziko yenye ukubwa wa takriban hekta 600, ndani yake uwanja wa michezo, bustani ya wanyama, jengo la kutazamia nyota na viti vya kuning'inia vinavyopita juu ya miti. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa msaragambo: wachimbaji na wanafunzi wakipanda miti siku za mapumziko. Mwaka 1968 mkoa ukapata chuo kikuu chake. Katikati ya Katowice ukaanza kuinuka ukumbi mkubwa wa michezo wenye umbo la sahani iliyopaa, Spodek, uliofunguliwa mwaka 1971.

Fedha zilitoka wapi? Makaa. Warsaw ilitaka tani, yeye alitaka saruji. Kila mgodi ulipovuka lengo, katibu alikuwa na hoja mpya ya kwenda nayo mji mkuu, na aghalabu hakurudi mikono mitupu. Maduka ya Katowice yalikuwa na nyama wakati mikoa mingine inapanga foleni. Wenye wivu walilalamika, na ndipo habari ya Katanga ilipopata nguvu.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mpole. Machi 1968, wanafunzi walipoandamana na kundi moja ndani ya chama likaanzisha kampeni ya chuki dhidi ya Wayahudi, Gierek alisimama mbele ya umati mkubwa Katowice akawatisha wote watakaojaribu kuirudisha nchi nyuma kwamba maji ya Silesia yatawavunja mifupa. Hotuba hiyo haikusahaulika, na wanaomsifu hadi leo huipita haraka.

Jioni ya Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1970, redio ilitangaza kupanda kwa bei za vyakula, wiki mbili kabla ya Krismasi. Jumatatu wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk wakatoka nje ya geti. Tarehe 17, huko Gdynia, askari waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakishuka kwenye treni kwenda kazini, baada ya serikali yenyewe kuwahimiza warudi kazini. Katika miji ya pwani waliuawa watu zaidi ya 40. Katibu wa Kwanza wa taifa, Władysław Gomułka, alikuwa amechoka, mgonjwa, na hakutaka kusikia la mtu. Tarehe 20 Desemba wenzake walimwondoa, wakamweka mtu aliyekuwa mbali na pwani damu ilipomwagika, mwenye wafanyakazi wengi nyuma yake na sifa ya kufanya mambo yaende. Gierek akahamia Warsaw.

Kilichofuata ndicho kilichompa jina. Januari 1971 kiwanda cha meli cha Szczecin kiligoma tena, chini ya kamati iliyoongozwa na Edmund Bałuka. Kiongozi wa kikomunisti wa wakati ule angetuma polisi. Gierek aliingia kiwandani mwenyewe tarehe 24, pamoja na waziri mkuu Piotr Jaroszewicz na waziri wa ulinzi Wojciech Jaruzelski, akakaa na wagomaji ukumbini kwa muda wa karibu saa tisa, mpaka usiku wa manane ukapita. Wajumbe walisimama mmoja mmoja. Wengine walitaja marafiki waliouawa, wengine walieleza mishahara yao, mmoja baada ya mwingine wakimwambia Katibu wa Kwanza mambo ambayo hakuna aliyethubutu kuyatamka hadharani tangu vita. Naye akajibu kama mchimbaji: kwamba amefanya kazi chini ya ardhi miaka mingi, kwamba hazina haina kitu, kwamba bei haziwezi kushuka, na kwamba bila wao hawezi kufanya lolote. Mgomo ukaisha. Kesho yake, Gdańsk, alimaliza maneno yake kwa kuuliza, “Basi vipi, mtatusaidia?” Propaganda ikaligeuza swali hilo kuwa wimbo wa taifa zima, pamoja na jibu la umati la kwamba watasaidia, ingawa baadhi ya waliokuwepo walisema baadaye kwamba wao walichosikia ni makofi tu.

Wanaume wa viwanda vya meli walirudi kazini na bei zikabaki palepale. Walioziangusha ni wanawake wa viwanda vya nguo vya Łódź. Waligoma Februari, Jaroszewicz akaenda kuwabembeleza, wakamsikiliza na wasilegee. Tarehe 15 serikali ikatangaza kwamba kuanzia Machi 1 bei zinarudi zilivyokuwa. Ushindi huo ulikuwa na gharama iliyochelewa kuonekana: bei za vyakula muhimu zilibaki kama zimegandishwa hadi 1976, huku mishahara ikipanda, na pengo kati ya hivyo viwili likazibwa kwa ruzuku.

Gierek akaanza kuitawala Poland kama alivyoutawala mkoa. Kujenga, kutembelea viwanda, kuongea na watu, kupata vitu kwa kujuana. Ila alipokuwa Katowice, nyuma yake palikuwa na Warsaw ya kuombwa. Sasa Warsaw ilikuwa yeye. Mahali pa Warsaw ya kuombwa pakachukuliwa na mabenki ya Frankfurt, Paris na London. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwishoni mwa 1973, mabenki hayo yalijaa dola za nchi za mafuta na yalikuwa yakitafuta wa kumkopesha, na Poland yenye makaa ilionekana mteja mzuri. Hesabu ilikuwa nyepesi kwenye karatasi: tukope, tununue mashine, viwanda vitoe bidhaa, bidhaa zilipe deni.

Miaka mitano ya kwanza ilikuwa ya raha, na hakuna sababu ya kuikanusha. Mishahara, ukiondoa kupanda kwa bei, iliongezeka kwa takriban asilimia 40. Kasri ya kifalme ya Warsaw, iliyolipuliwa na Wajerumani mwaka 1944, ilianza kujengwa upya. Tangu Januari 1972 Mpoland aliweza kuvuka kwenda Ujerumani Mashariki bila pasipoti. Coca-Cola ikaanza kutengenezwa nchini. Barabara ya njia mbili ikanyooshwa kutoka Warsaw hadi Katowice, na mpaka leo watu huiita Gierkówka. Marais wa Marekani walifika mmoja baada ya mwingine: Nixon 1972, Ford 1975, Carter 1977. Valéry Giscard d'Estaing alizungumza naye bila mkalimani.

Siku moja inatosha kuonyesha hali ya nyakati hizo. Tarehe 6 Juni 1973, huko Bielsko-Biała, iliunganishwa gari ya kwanza ya Fiat 126p kwa leseni ya Waitalia, kigari cha injini ya nyuma ambacho familia ya watu wanne ilijibana ndani na mizigo juu ya paa. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwenye uwanja wa Chorzów, ndani ya ile bustani ya Ziętek, timu ya taifa iliifunga Uingereza mabao 2-0 katika mchujo wa Kombe la Dunia. Włodzimierz Lubański alifunga bao la pili kisha akaumia goti. Mwaka uliofuata Poland ikawa ya tatu duniani. Ile gari ilitangazwa kwa zloti 69,000, yaani mshahara wa karibu miaka miwili, na wanunuzi waliweka fedha benki wakasubiri miaka. Walisubiri kwa furaha, kwa sababu kabla ya hapo hawakuwa na cha kusubiri.

Mwaka 1975 mtoto wa mikoa aliivunja mikoa. Mikoa 17 mikubwa, pamoja na miji mitano yenye hadhi ya mkoa, ikakatwakatwa kuwa mikoa 49, na wilaya zaidi ya 300 zikafutwa kabisa. Sababu iliyotolewa ni kusogeza utawala karibu na wananchi. Wenye macho waliona jingine: katibu wa mkoa mdogo hawezi kuitisha Warsaw. Gierek alijua vizuri kuliko yeyote jinsi mtu anavyoweza kuparamia hadi juu kabisa kupitia mkoa mkubwa wenye mali, na hakutaka atokee wa pili. Katowice, kwa bahati ya ajabu, ikabaki na watu wengi kuliko mkoa mwingine wowote, mikononi mwa Zdzisław Grudzień, msaidizi wake wa zamani. Na ni hapo, Dąbrowa Górnicza, jirani na kijiji alikozaliwa, ambapo kulijengwa kiwanda kikubwa cha chuma cha Huta Katowice, kilichoanza kuyeyusha chuma Desemba 1976. Mawe ya chuma yalitoka Umoja wa Kisovieti, ambako reli ni pana kuliko za Poland, hivyo ikalazwa reli maalumu ya upana wa Kirusi, karibu kilomita 400, kutoka mpakani hadi Silesia. Mradi kama huo haukuwa wa kulipa madeni ya Frankfurt.

Tarehe 24 Juni 1976 Jaroszewicz alisimama bungeni kutangaza bei mpya: nyama juu kwa wastani wa asilimia 69, sukari mara mbili. Asubuhi yake Radom, Ursus na Płock zikalipuka. Radom waandamanaji waliingia katika ofisi za chama, wakakuta nyama ya nguruwe na vyakula ambavyo madukani vilikuwa hadithi, wakavirusha dirishani kisha wakalichoma jengo. Ursus walifunga reli. Jioni serikali ikafuta bei hizo. Gierek hakuruhusu bunduki, akishika ahadi yake ya baada ya damu ya 1970, lakini polisi waliwapitisha waliokamatwa kati ya safu mbili za virungu, na mahakama zikawafunga. Septemba mwaka huo wasomi wachache wa Warsaw wakaunda kamati ya kuwatetea, KOR, upinzani wa kwanza uliotoa majina na anwani zake waziwazi. Sukari ikawekwa kwenye kadi za mgao.

Baada ya hapo aliishi kwa kukopa ili kulipa mikopo. Deni la nchi za Magharibi, lililokuwa kama dola bilioni moja alipoanza, lilipita bilioni 20 mwishoni mwa muongo. Makaa pekee yalikuwa bidhaa ya uhakika, kwa hiyo wachimbaji wakakamuliwa: mwaka 1978 migodi ilianza zamu za brigedi nne zilizowafanya watu wafanye kazi Jumapili, na mzee wa mgodini akakosa siku ya kukaa na wajukuu na kwenda kanisani. Kwa Wasilesia, Wakatoliki wa kushika dini, hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka huo huo, tarehe 16 Oktoba, askofu mkuu wa Kraków, Karol Wojtyła, alichaguliwa Papa. Juni 1979 alizunguka nchini siku tisa, na mamilioni waliokwenda kumwona wakajionea wenyewe walivyo wengi.

Mwisho ulikuja kwa njia aliyoifahamu. Julai 1980 bei ya nyama, Lublin ikagoma. Tarehe 14 Agosti Gdańsk, chini ya fundi umeme Lech Wałęsa. Gierek alikuwa mapumzikoni Crimea. Alirudi, akahutubia kwenye televisheni tarehe 18, na sauti ile ile ya 1971 haikumgusa mtu. Bado serikali ilitumaini kwamba mgomo utabaki kuwa jambo la pwani. Ndipo, siku za mwisho za Agosti, mgodi wa Manifest Lipcowy huko Jastrzębie ukasimama, na migodi mingine ikaufuata. Jastrzębie ulikuwa mji wa majengo mapya ya ghorofa uliokuzwa kwa ajili ya makaa katika miaka ya Gierek huko Katowice. Wakazi wake walipata nyumba zao kwake. Mkataba wa Gdańsk ulitiwa saini tarehe 31 Agosti, wa Jastrzębie tarehe 3 Septemba, na huo wa pili ukazifuta brigedi nne na kuwapa wafanyakazi Jumamosi na Jumapili. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Septemba, Gierek akiwa hospitalini kwa ugonjwa wa moyo, Kamati Kuu ikamweka Stanisław Kania kwenye kiti chake.

Chama kilimfukuza uanachama mwaka 1981. Jaruzelski, yule aliyekaa naye ukumbini Szczecin na sasa kiongozi wa nchi, alipotangaza hali ya hatari tarehe 13 Desemba aliwakamata maelfu ya wanachama wa Mshikamano, muungano huru wa wafanyakazi uliozaliwa na migomo ya 1980, na pamoja nao akawaweka kizuizini viongozi wa zamani, ili wananchi waone kwamba haonei upande mmoja. Gierek alikaa mwaka mzima. Grudzień alifia humo kizuizini Januari 1982.

Alipotoka aliishi kimya Silesia, mwisho katika mji wa Ustroń chini ya milima. Mwaka 1990, utawala wa chama ukiwa umekwisha, kitabu cha mahojiano yake na mwandishi Janusz Rolicki, Przerwana dekada, kiliuzwa kwa wingi wa kushangaza. Watu waliofungiwa viwanda na kupandishiwa bei na uchumi mpya walitaka kusoma habari za kigari na nyumba. Alifariki tarehe 29 Julai 2001 katika hospitali ya Cieszyn, na maelfu wakamsindikiza kaburini Sosnowiec. Mikoa yake 49 ilikuwa imeshafutwa tangu 1999, nafasi yake ikachukuliwa na 16 mikubwa, na wilaya nazo zikarejeshwa.

Mwanawe Adam, profesa wa metalojia aliyezaliwa Ubelgiji kabla ya vita, aliingia katika Seneti mwaka ule ule wa 2001 na mwaka 2004 akachaguliwa na Silesia kwenda Bunge la Ulaya. Deni lilikuwa bado hai. Serikali za Magharibi zilisamehe nusu ya fungu lao mwaka 1991. Mabenki ya kibiashara yalilipwa kidogo kidogo kwa hati za muda mrefu, na malipo ya mwisho yalifanywa Oktoba 2012. Adam Gierek alikuwa Brussels, katika muhula wake wa pili wa ubunge.